Jumla Ililingana, Wakulima Wakalipwa Fedha za Wenzao: Kisa cha Faili Moja la Malipo

Kisa hiki kilitokea kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho kusini mwa Tanzania. Jina la chama, kijiji, benki na majina ya wahusika yameondolewa. Idadi ya wanachama na viwango vya fedha vimebadilishwa, na bei ya kilo imefanywa namba rahisi ili msomaji aweze kufuata hesabu. Mtiririko wa mambo umebaki ulivyokuwa. Bodi ya chama iliridhia kiandikwe, maana makarani wa AMCOS nyingi, yaani vyama vya msingi kama hiki, wanapakia mafaili ya namna hii kila msimu, na kosa lililotokea hapa linaweza kupita mbele ya macho ya watu makini bila kuonekana.

## Usuli

Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08. Mkulima analeta mzigo AMCOS, unapimwa, anaandikiwa stakabadhi yenye kilo na daraja. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, mnunuzi analipa, kisha fedha zinashuka hadi chama cha msingi. Chama kinatoa makato yaliyokubaliwa na kumlipa kila mkulima kilichobaki. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo anayoiona mkulima. Mnada ukienda vizuri namna gani, yeye anapima chama kwa fedha iliyoingia mkononi mwake na kama inalingana na kilo zilizo kwenye karatasi yake.

Zamani chama hiki kilikuwa kikilipa taslimu. Kulikuwa na foleni ya siku nzima, hofu ya kusafirisha fedha barabarani, na ugomvi wa chenji. Baadaye wakulima wenye akaunti wakaanza kulipwa benki, na wasio na akaunti wakalipwa kwa simu. Benki ikakipa chama lango lake la malipo ya mkupuo, ambako karani anapakia faili la Excel au CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) na watu mamia wanalipwa kwa idhini moja.

Lango lilikuwa na milango miwili. Wa kwanza unataka uingize kwanza orodha ya wapokeaji: namba ya mwanachama, jina, namba ya simu au akaunti, mtandao au benki. Orodha hiyo ikishahakikiwa inakaa humo. Siku ya malipo unapakia kundi la malipo lenye vitu viwili tu, namba ya mwanachama na kiasi. Mlango wa pili hauhitaji orodha. Kila mstari wa faili unabeba kila kitu upya, yaani jina, simu au akaunti, na kiasi.

Majukumu yaligawanywa kama inavyotakiwa. Karani anaandaa na kupakia. Katibu wa chama anakagua na kuidhinisha. Mwenyekiti anaidhinisha mara ya pili kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Bila wote watatu hakuna shilingi inayotoka.

## Kuingiza wapokeaji

Chama kilianza na mlango wa kwanza, na hapo ndipo safari ilipoharibika, wiki mbili kabla ya malipo yenyewe.

Karani alichukua daftari la wanachama lililokuwa kwenye Excel na kuliweka kwenye kiolezo cha benki. Jambo la kwanza kumkwaza lilikuwa sifuri. Namba ya simu inayoanza na 07, ikiandikwa kwenye kisanduku cha kawaida, inahesabiwa kuwa namba ya hesabu, na sifuri ya mbele inafutwa. Lango lilikataa namba hizo, tena lilitaka zianze na 255.

Akazigeuza zote zikaanza na 255. Sasa zikawa na tarakimu 12, na Excel huifupisha namba ndefu kiasi hicho ikaonekana kama 2.55713E+11. Ndani ya kisanduku namba kamili bado ipo. Lakini ukihifadhi faili kuwa CSV, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana kwenye skrini. Faili la CSV lilipofunguliwa tena, simu za watu zilikuwa zimeishia na sifuri nyingi, 255713000000 na wenzake, na namba halisi hazikuwamo tena. Bahati faili la awali lilikuwa halijafutwa.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba yoyote. Tano za mwisho zinageuzwa sifuri papo hapo, hata kabla hujahifadhi, na hakuna njia ya kuzirudisha isipokuwa kwenda kwenye fomu za karatasi. Waliokuwa wameandikwa kwa vistari, tarehe ya kuzaliwa kwanza kisha mafungu mengine, walisalimika, kwa sababu vistari vinaifanya programu iichukulie namba hiyo kama maandishi. Dawa ya matatizo yote hayo ni moja: fanya safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuandika au kubandika chochote. Ukiigeuza baadaye umechelewa.

Kisha ikaja safu ya mtandao. Karani aliijaza kwa kuangalia tarakimu za mwanzo za simu, kama wengi tulivyozoea. Tangu Machi 2017 mteja Tanzania anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, hivyo tarakimu za mwanzo hazithibitishi kitu. Mistari kadhaa ikakataliwa kwa sababu hiyo.

Makosa haya yote yalikuwa na jambo moja jema. Yalipiga kelele. Lango liliyakataa mstari kwa mstari, likaeleza sababu, na hakuna aliyelipwa vibaya. Kilicholeta matatizo ni marekebisho. Karani alisahihisha faili na kulipakia lote upya. Lango lilimtambua mpokeaji kwa namba yake ya simu, na wale ambao simu zao zilisahihishwa likawaona kuwa watu wapya. Orodha ikawa na wanachama waliojirudia. Akaanza kuwafuta kwa mkono, akakuta majina yanayofanana kabisa ya watu tofauti, maana kijijini watu watatu au wanne kuwa na jina moja na baba wenye jina moja ni kawaida. Akaogopa kumfuta mwenye haki, akaacha.

Alhamisi fedha za mnada ziliingia. Wakulima walikuwa wamesubiri, Januari inakaribia, shule zinafunguliwa. Katibu akaamua waachane na orodha ya wapokeaji kwa mnada huo na watumie mlango wa pili. Ukimsikiliza utamwelewa: orodha yenye watu waliojirudia ilikuwa hatari ya wazi, na mlango wa pili ulionekana salama zaidi.

## Siku ya malipo

Karani alikuwa na karatasi yake ya hesabu ndani ya Excel, na ilikuwa nzuri. Kila mwanachama alikuwa na mstari wenye namba yake, jina, kilo kutoka kwenye mzani, bei, makato, na kiasi halisi. Akachukua majina, simu au akaunti, na kiasi halisi, akavibandika kwenye kiolezo cha benki kama thamani tupu, bila fomula. Lilikuwa jambo la lazima, kwani lango halipokei fomula. Ila kuanzia hapo kiasi cha kila mkulima kilikuwa hakina tena uhusiano wowote na kilo zake. Kilikuwa namba tu iliyokaa jirani na jina.

Katibu akauliza swali la busara: je, kuna malipo yanayozidi kikomo cha akaunti za simu? Maana hayo yatakwama. Karani akabofya safu ya kiasi, akaamuru ipangwe kuanzia kikubwa kwenda kidogo ili ahesabu wanaozidi. Programu ilimuuliza kama ipanue upangaji ujumuishe safu za jirani au iendelee na safu aliyoichagua peke yake. Alitaka kuona viwango tu, akachagua safu hiyo peke yake. Akahesabu, akapata 61. Katibu akasema hao ni wakulima wakubwa, wote wana akaunti za benki. Karani akahifadhi faili, akalipakia.

Lango likaonyesha watu 612. Sahihi. Likaonyesha jumla ya fedha, nayo ikawa sawasawa na fedha za mnada baada ya makato, hadi shilingi ya mwisho. Likafanya uhakiki wa majina kwa kulinganisha jina lililo kwenye faili na jina lililosajiliwa kwenye simu au akaunti, na karibu yote yakalingana. Katibu akaidhinisha. Mwenyekiti alikuwa kwenye kikao cha kata. Akapokea ujumbe wenye jina la faili, idadi na jumla, akaweka namba yake ya siri.

Ilikuwa saa tisa alasiri, Ijumaa.

## Malalamiko yanaanza

Wa kwanza kufika ofisini hakuja kulalamika. Alikuwa bibi mmoja, mwanachama namba 117, ameongozana na mjukuu wake, stakabadhi ameikunja ndani ya khanga na simu ya kitochi mkononi.

"Shikamoo bibi," karani akamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisomee hii. Mimi nilileta gunia moja. Hii hela ya nani?"

Stakabadhi yake ilisema kilo 84. Ujumbe wa simu ulisema shilingi 2,290,000. Alistahili 168,000.

Karani alifungua karatasi ya hesabu na kukuta 168,000. Alifungua faili alilopakia na kukuta 2,290,000. Akatazama safu nzima ya kiasi: ilikuwa ikishuka kutoka juu hadi chini bila kupanda hata mara moja. Kwa orodha ya watu 612 iliyopangwa kwa namba ya uanachama, jambo hilo haliwezi kutokea lenyewe.

Wakati huo simu za wengine zilikuwa zimeanza. Na hapa kosa la faili likageuka kuwa jambo la kijamii, tena zito. Daftari lilikuwa limepangwa kwa namba ya uanachama, na namba za chini ni za waasisi: wazee, wajumbe wa bodi wa zamani, mwenyekiti mwenyewe. Safu ya kiasi ilipopangwa kuanzia kikubwa, fedha nyingi ziliangukia kwao. Vijana waliojiunga miaka ya karibuni, baadhi yao wakiwa na mashamba makubwa, walikuwa mwishoni mwa orodha na wakapata fedha za gunia moja au nusu. Yeyote aliyelinganisha ujumbe wake na wa jirani aliona picha moja: wakubwa wa chama wamejigawia. Kabla ya jioni kulikuwa na watu nje ya ofisi wanaotaka suala lipelekwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, usiku huohuo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio ulioliokoa jahazi, ulikuwa kutogusa tena lango. Ripoti ya awali ilionyesha malipo 540 yamepita, 49 yamefeli na 23 yanasubiri. Karani alitaka kupakia faili sahihi mara moja ili waliopunjwa wapate haki yao. Katibu alikataa. Malipo yanayosubiri bado yanaweza kupita saa au siku inayofuata, na lango halikuwa na njia ya kujua kwamba faili jipya linahusu deni lilelile. Wangelipa mara mbili kwa fedha ambazo hawana. Akaomba benki isimamishe yanayosubiri na itoe ripoti ya matokeo ya mwisho, mstari kwa mstari, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Wa pili ulikuwa kumpigia afisa ushirika wa wilaya jioni ileile, kabla hajasikia kwa wengine. Mwenyekiti hakupenda. Alihofia itaonekana chama kimekiri wizi. Katibu alisimama kwenye hoja kwamba kesho yake ingeonekana wameficha, na hilo ni gumu zaidi kulifuta.

Wa tatu ulihusu namna ya kurudisha. Kurudisha muamala wa simu au wa benki baada ya mpokeaji kuupata si kubonyeza kitufe. Inahitaji ridhaa yake au salio lililobaki. Wengine walikuwa wameshatoa fedha na kulipia ada au madeni. Bodi ikaona kuomba kurudishwa kwa nguvu kwa mamia ya watu kungechukua muda mrefu kuliko msimu wenyewe. Minada ilikuwa inaendelea, na wengi walikuwa na mzigo mwingine ghalani. Wakakubaliana kwamba aliyezidishiwa arudishe kwa hiari kama anazo, na kama hana, zikatwe kwenye malipo yake yajayo kwa maandishi na sahihi yake.

Fedha za kuwafidia waliopunjwa zilitoka mahali ambapo hawakupategemea. Kati ya malipo 49 yaliyofeli, 44 yalifeli kwa sababu yalizidi kikomo cha akaunti za simu. Yalikuwa malipo makubwa kabisa ya faili, yaliyoangukia wakulima wadogo wanaolipwa kwa simu, na yote yakarudi kwenye akaunti ya chama. Kikomo kile ambacho swali lake ndilo lililozaa kosa kikawa kimezuia sehemu kubwa ya hasara.

Wa nne ulizua mabishano makali zaidi. Wanachama walitaka majina na viwango vya wote vibandikwe ubaoni, kama ilivyokuwa desturi enzi za kulipa taslimu. Bodi haikukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakibana chama kama inavyoibana taasisi nyingine yoyote, na kutangaza kijiji kizima kwamba mama fulani ana milioni mbili kwenye simu ni kumweka hatarini. Badala yake mkutano wa dharura ulichagua wakulima watatu, wawili kati yao wakiwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi. Wakakaa na karani siku mbili, wakalinganisha nakala za stakabadhi na ripoti ya benki. Kila mwanachama akapewa karatasi yake peke yake yenye kilo, alichostahili, alichopokea na tofauti.

## Matokeo

Kati ya 540 waliolipwa, 231 walizidishiwa, 290 walipunjwa, na 19 walipata kiasi sahihi kwa kuwa viwango vyao havikusogea au kilo zao zililingana na za mwingine. Waliopunjwa walimaliziwa ndani ya wiki tatu, kwa fedha zilizorudi, kwa ushuru wa chama ulioazimwa kwa idhini, na kwa makato ya mnada uliofuata. Bibi wa namba 117 alirudisha zake siku ileile. Hadi mwisho wa msimu walibaki wadaiwa tisa, wengi wao wasiokuwa na mzigo mwingine wa kuuza. Deni lao lilihamishiwa msimu unaofuata.

Wale wakulima watatu ndio waliotoa taarifa kwa mkutano. Walionyesha safu iliyopangwa na safu isiyopangwa, wakaeleza kwamba mwenyekiti kazidishiwa kwa sababu ya namba yake ya uanachama, na kwamba mjumbe mmoja wa bodi mwenye namba ya juu kapunjwa kama wengine. Suala la TAKUKURU likaisha hapo. Taarifa hiyohiyo ingetoka kinywani mwa katibu nadhani isingepokelewa.

## Kwa nini ukaguzi wote ulipita

Hapa ndipo pa kukaa. Chama kilifanya ukaguzi wa aina tatu, na hakuna hata mmoja uliofanywa kizembe. Walihesabu watu, wakalinganisha jumla, na majina yakahakikiwa dhidi ya usajili wa simu na akaunti. Kila mmoja ulitoa jibu la kweli. Tatizo ni kwamba hakuna uliouliza swali lililohitajika: je, kiasi hiki ni cha mtu huyu?

Chukua mfano wa wanachama watatu:

Namba 117, kilo 84, anastahili 168,000
Namba 204, kilo 310, anastahili 620,000
Namba 388, kilo 1,145, anastahili 2,290,000

Jumla ni 3,078,000. Panga safu ya kiasi peke yake, na 117 anapata 2,290,000, 388 anapata 168,000, na 204 anabaki palepale. Jumla bado ni 3,078,000. Watu bado ni watatu. Jina na simu havijaachana, kwa hiyo uhakiki wa majina unapita. Baadhi ya wahasibu hujumlisha pia namba za akaunti kama kinga ya ziada. Nayo isingesaidia, maana namba za akaunti hazikuguswa. Kujumlisha hakujali mpangilio, na kosa hili ni la mpangilio mtupu.

Kinachoweza kulishika ni hesabu inayofunga namba ya mtu na kiasi chake pamoja. Zidisha namba ya uanachama kwa kiasi, mstari kwa mstari, kisha jumlisha. Kwenye Excel fomula ya SUMPRODUCT inafanya hivyo mara moja. Kwa mfano wetu faili sahihi linatoa 1,034,656,000 na faili lililoharibika linatoa 459,594,000. Ukiipata namba hiyo kutoka kwenye karatasi ya hesabu na ukaipata tena kutoka kwenye faili la kupakia, zikitofautiana hata kidogo, simama. Nadra sana makosa mawili yafutane yakaacha namba ileile.

Lakini hesabu hiyo inahitaji namba ya mwanachama iwemo kwenye faili, na mlango wa pili haukuwa na safu hiyo. Hii ndiyo gharama halisi ya kuacha orodha ya wapokeaji. Uamuzi wa katibu ulikwepa hatari ya watu kujirudia, ambayo lango lingeweza kuionyesha, ukaondoa namba ya mwanachama, ambayo ndiyo kamba pekee inayounganisha stakabadhi ya mzani na malipo ya benki. Kwa majina peke yake, kwenye kijiji chenye majina yanayojirudia, huwezi kulinganisha mafaili mawili kwa uhakika.

Kuhusu idhini mbili, nina msimamo. Watu wengi wakisikia kisa hiki husema ongezeni muidhinishaji wa tatu. Agosti 2020 Citibank ya Marekani iliwatumia wakopeshaji wa kampuni ya Revlon karibu dola milioni 900 kimakosa, na muamala huo ulikuwa umeidhinishwa na watu watatu. Wote walitazama skrini ileile na kuielewa vilevile. Mwenyekiti wa chama hiki alionyeshwa jina la faili, idadi na jumla. Hata angekuwa mhasibu aliyebobea, akiwa ofisini, ametulia, asingeona kosa, kwa kuwa halikuwamo katika alichoonyeshwa. Muidhinishaji wa pili ana thamani pale anapokagua kitu ambacho wa kwanza hakukikagua.

Na karani? Bodi ilitaka kumsimamisha. Katibu na afisa ushirika walikataa, nami nakubaliana nao. Alijibu swali halali la mkubwa wake kwa njia ambayo watumiaji wengi wa Excel wangeitumia, ndani ya faili ambalo halikupaswa kufunguliwa tena baada ya kubandikwa. Swali la wanaozidi kikomo lilipaswa kujibiwa kwenye karatasi ya hesabu, au kwa fomula ya kuhesabu bila kupanga chochote.

## Utaratibu wanaoutumia sasa

Walirudi mlango wa kwanza. Walifuta orodha yote ya wapokeaji na kuiingiza upya, safari hii utambulisho ukiwa namba ya uanachama badala ya simu, mpangilio ambao benki iliuwezesha walipoomba. Simu ya mtu ikibadilika, anabadilishwa yeye mwenyewe ndani ya lango, baada ya kufika ofisini na kitambulisho. Halipakiwi faili zima upya kwa ajili ya mtu mmoja.

Kundi la malipo linatoka kwenye karatasi ya hesabu, na faili likishatolewa halifunguliwi kwa Excel. Baada ya kulipakia, kabla ya idhini yoyote, katibu analishusha kundi hilo kutoka kwenye lango na kulilinganisha na daftari la mzani kwa namba ya uanachama. Anakagua kile ambacho benki inakaribia kulipa, si kile ambacho karani anaamini amekipakia. Anatumia VLOOKUP, fomula inayotafuta namba kwenye orodha na kuleta taarifa za mstari wake, na wamejifunza kwa taabu kwamba sehemu ya nne ya fomula hiyo lazima iandikwe FALSE. Usipoiandika kabisa, Excel inaridhika na namba inayokaribiana, na kwenye orodha isiyopangwa inaweza kukuletea kilo za jirani bila onyo lolote. Pia namba 017 iliyohifadhiwa kama maandishi hailingani na 17 iliyohifadhiwa kama hesabu, hivyo safu ya namba za uanachama ni ya maandishi kwenye mafaili yote.

Mwenyekiti yeye anapewa stakabadhi kumi zilizochaguliwa bila mpangilio na mmoja wa wale wakulima watatu. Anafungua lango, anatafuta kila namba, anaangalia kilo na kiasi, ndipo anaweka namba yake ya siri. Inachukua kama robo saa. Kwa kosa la safu nzima kama lile, stakabadhi mbili tatu tu zingetosha kulifichua. Kwa kosa la mstari mmoja hazitoshi, na hilo ndilo linalobaki mikononi mwa ulinganisho wa katibu.

Kila mstari wa malipo sasa una kumbukumbu yake isiyojirudia, iliyoundwa kwa namba ya mnada na namba ya uanachama, na lango linakataa kulipa kumbukumbu moja mara mbili. Malipo yaliyofeli yanaweza kurudiwa bila hofu.

Jambo moja bado halijatatuliwa. Mwanachama akifariki katikati ya msimu, mzigo ukiwa ghalani, orodha ya wapokeaji inaendelea kumtaja yeye, na uhakiki wa majina unapita kwa sababu laini bado imesajiliwa kwa jina lake. Anayeshika simu hiyo nyumbani huenda si msimamizi wa mirathi. Kwa sasa karani anaweka alama ya kusimamisha kwenye daftari akipata taarifa ya msiba, na malipo hayo yanabaki kwenye akaunti ya chama hadi mahakama ya mwanzo imteue msimamizi. Bodi imeiomba benki iwawekee alama ya namna hiyo ndani ya lango lenyewe.